Mchongaji Aliyetaka Jiwe la Chini

Hali ilivyokuwa

Kabla mgeni hajafika, jiwe la bibi yangu lilikuwa pale lilipokuwa siku zote: uani kwa shangazi Tusekile, Isyonje, juu ya Uyole, karibu na mlango wa jiko. Ni jiwe jeusi la volkano, la aina inayopatikana kote katika miteremko ya Rungwe, na katikati limebonyea kwa kazi ya wanawake wa nyumba yetu. Juu yake husagwa ulezi. Nyumbani kwetu jiwe la chini huitwa mama. Lile dogo la juu, ambalo msagaji hulisukuma kwa mikono miwili, huitwa mwana. Mama hukaa nje, akanyeshewa na mvua na kuonwa na kila apitaye. Mwana hulala ndani, juu ya uchaga wa jikoni. Jirani anayetaka kusaga hupiga hodi, husalimu, huketi kidogo, kisha humwomba mwana. Sikuwahi kuuliza sababu ya desturi hiyo. Nilikua nayo kama nilivyokua na ukungu wa asubuhi.

Mimi naishi Iringa, ambako nafundisha historia ya sanaa. Kilatini nilifundishwa seminarini, na juu ya Kilatini hicho nikajenga Kihispania nilipokuwa mwanafunzi Kuba. Ni Kihispania hicho kilicholeta haya yote. Watayarishaji wa kitabu cha maonyesho waliniomba niandike sura ya kwanza, juu ya maisha na kazi za mchongaji mmoja wa Meksiko, na nimsindikize katika nyanda zetu za juu alipokuja kutafuta mawe. Nitamwita kwa jina lake la kwanza tu, Anselmo.

Yaliyokuwa yameandikwa kumhusu ni haya. Alizaliwa katika kijiji cha wachonga mawe, mlimani, kusini mwa nchi yake. Baba yake alichonga mawe ya kusagia mahindi na kuyapeleka gulioni kwa punda. Mama alifariki mapema, akalelewa na bibi. Alipokuwa kijana alikwenda mji mkuu, akaajiriwa katika karakana iliyotengeneza sanamu za watakatifu kwa saruji, na jioni akasoma sanaa. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjua. Kisha akaonyesha jiwe moja kuukuu la kusagia, la chini, lililoliwa na miaka ya kazi, limesimamishwa wima juu ya nguzo ya chuma katika chumba cheupe. Ilisemekana lilikuwa la bibi yake. Jiwe hilo ndilo lililomtoa. Tangu hapo amekusanya mengine kutoka nchi nyingi, na kila moja hulikata upande wa chini, kwa tindo, ili lisimame kama mtu. Upande wa juu haugusi. Wahakiki wamemsifu kwa kuwaachia wanawake waliosaga heshima ya kuwa wachongaji.

Katika kuandikiana naye nilimpelekea picha ya jiwe la bibi. Akajibu siku ileile, akiomba kuliazima. Neno hilo lilinikaa vibaya. Jiwe likishakatwa tumbo halilali tena chini, na lisipolala halisagi. Nilijiuliza kitu cha namna hiyo kinarudishwaje kwa mwenyewe.

Nilimpigia shangazi simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Aje, nitamtazama. Lakini mimi simjui, mwanangu, wewe ndiye unayemjua. Ukiniambia ni mtu wa kupewa, nitampa. Ukiniambia siye, atakunywa chai na kwenda zake."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Jiwe la bibi lilikuwa halina kufuli ila neno langu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu huyo uso kwa uso.

Iringa hadi Madibira

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyonikumbusha waashi wa kwetu. Alikuwa na mkoba wa turubai ambao hakumruhusu mtu yeyote kuubeba. Dereva wetu, Kaduma, Mbena wa Njombe mwenye maneno, alinyoosha mkono kuupokea akaukosa. Alinitazama juu ya paa la gari na kupandisha nyusi.

Kabla ya Mafinga, mahali mlima ulipokatwa ili barabara ipite, Anselmo aliomba tusimame. Alishuka, akaokota kipande cha jiwe, akakilamba. Akakitupa, akaokota kingine, akakilamba nacho. Kaduma alimtazama kwa muda, mikono juu ya usukani.

"Profesa," alisema, "mgeni wako ana mimba? Maana mimi ninaowajua wanaolamba mawe ni wajawazito."

Nilitafsiri. Anselmo alicheka, akaeleza kwamba jiwe kavu huficha rangi yake na likilowa huisema, na kwamba ulimi ndio maji yaliyo karibu zaidi. Lilikuwa jibu sahihi. Hata hivyo niliona kwamba alitia vipande viwili mfukoni bila kutazama kulia wala kushoto, kama mtu aliyezoea kuchagua mawe yasiyo yake.

Mafinga tulikula ugali na maharage, na kusubiri zaidi ya tulivyokula, kwa kuwa Kaduma alikuwa amesikia mlio asioupenda katika gurudumu. Baada ya hapo tuliiacha lami na kushuka kuelekea Madibira. Mbao na baridi zilibaki nyuma. Mbele kulikuwa na vumbi, joto, na mwisho majaruba ya mpunga yaliyonyooka hadi macho yanapochoka. Kundi la ng'ombe lilitusimamisha. Mchungaji hakuwa na haraka nasi. Anselmo aliuliza iwapo ng'ombe hao ni wa tajiri mmoja. Kaduma akasema aambiwe kwamba ng'ombe wa watu hawahesabiwi na mgeni, na nikatafsiri hivyohivyo.

Mwenyeji wetu Madibira alikuwa Mama Limi, Msukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na mifugo yake akiwa msichana. Mume wake alikuwa machungani. Alitupa wali, kambale wa mchuzi na maziwa ya mgando, akaketi kando tukila, akimtazama Anselmo bila kujificha. Alikuwa na jiwe la kusagia uani. Baada ya chakula Anselmo aliomba kuliona, akachuchumaa, akapitisha kiganja ndani ya bonde lake polepole, mara nyingi kuliko nilivyoona inafaa mbele ya mwenye nyumba. Kisha, ili ajieleze, akatoa kishikwambi na kumwonyesha picha za kazi zake.

Mama Limi alizipitisha kwa kidole. Alikwenda hadi mwisho, akarudi hadi mwanzo.

"Ya chini nimeyaona," alisema. "Ya juu yako wapi?"

Nilitafsiri. Anselmo alijibu kwamba la juu la jiwe la kwanza lilivunjika zamani.

"Na haya mengine?"

Hayo, alisema, hakuyahitaji.

"Haya," alisema Mama Limi, akamrudishia kishikwambi. "Kwao mawe yanavunjika kama vikombe."

Maneno ya mwisho sikuyatafsiri. Tulipoaga niligeuka na kuona kwamba alikuwa ameweka beseni kubwa la nguo mbichi juu ya jiwe lake, likalifunika lote.

Madibira hadi Uyole

Tulilala Rujewa. Kesho yake tulitokea Igawa kwenye barabara kuu, na hatukwenda mbali. Lori la mizigo lilikuwa limekatika ekseli kwenye mwinuko, likaziba njia pande zote mbili, na msururu wa magari ulikuwa umezima injini. Wauza mahindi ya kuchoma walifika kabla ya askari wa barabarani. Tulikula mahindi tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa mtaro, na hapo Anselmo akanisimulia juu ya bibi yake.

Alisema kwamba bibi aliamka kabla ya kuku. Kwamba sauti ya kwanza aliyoijua duniani ni jiwe juu ya jiwe. Kwamba hadi leo, akisikia mlango mzito ukikwaruza sakafu, hujikuta ana njaa. Alinyamaza, akatazama milima. Yalikuwa maneno mazuri, na nilikuwa nimekwisha kuyasoma. Yamo katika mahojiano aliyotoa miaka iliyopita, kwa mpangilio huohuo, hadi mlango mzito, hadi pale anaponyamaza. Mtu anaweza kukumbuka jambo moja kwa maneno yaleyale kwa sababu ni la kweli. Anaweza pia kufanya hivyo kwa sababu alilitunga vizuri mara ya kwanza na haoni haja ya kulibadili. Kazi yangu imenifundisha kwamba kwa kusikia tu mambo hayo mawili hayatofautiki.

Nilimuuliza iwapo jiwe la kwanza lilikuwa la bibi yake. Alijibu, "Bibi yangu alisagia juu yake maisha yake yote." Nilitambua kwamba hilo halikuwa swali langu.

Tulifika Uyole jioni, katikati ya malori, magunia ya viazi na moshi wa chipsi. Katika nyumba ya wageni mmiliki alitaka kutupa Anselmo na mimi chumba kimoja, kwa kuwa nilikuwa nimemtambulisha kama ndugu yangu. Ilinibidi nieleze kwamba udugu huo una mipaka. Asubuhi, Anselmo aliniuliza kwa sauti ya chini iwapo Kaduma ni mtu wa kuaminika. Sikuwa na haraka ya kujibu, kwa sababu Kaduma naye alikuwa ameniuliza hivyohivyo kumhusu yeye, kabla ya chai. Wote wawili niliwaambia nadhani ndiyo.

Chunya

Shangazi alikuwa ametutaka tusubiri, kwani alikuwa na msiba wa jirani. Anselmo akaomba twende Chunya, aone namna wachimbaji wa dhahabu wanavyosaga mwamba. Nilimwonya kwamba Chunya si mahali pa kulamba mawe. Alisema ameelewa.

Tulipanda safu ya milima, tukateremka upande wa pili kwenye nchi kavu yenye mabani ya kukaushia tumbaku na vumbi jekundu. Kaduma alitupeleka kwenye machimbo madogo ambako binamu yake aliwahi kufanya kazi. Msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia, aliitwa Kipara, ingawa alikuwa na nywele tele. Alitupokea vizuri, akatuonyesha mashimo, akatuonyesha karasha inayovunja mawe kwa kelele isiyoruhusu maneno. Nilikuwa nimegeuka kumsikiliza. Nilipomtafuta Anselmo nilimkuta mbele ya rundo la mawe yaliyotoka shimoni asubuhi ile, ameshika moja karibu na mdomo, na ulimi uko nje.

Karasha ilizimwa.

Kipara hakupaza sauti. Alisema kabla ya huyu watu walikwisha kuja wakijiita wamishonari, wakijiita wapiga picha, mmoja alijiita mtafiti wa vipepeo, na wote baada ya muda walirudi na vijiti vya kupimia ardhi. "Huyu wako unasema ni mtu wa sanamu. Sawa. Mtu wa sanamu anaonjaje jiwe kama mchuzi?"

Nilieleza habari ya rangi na maji. Nilivyoieleza ndivyo ilivyosikika uongo. Kipara alitaka mkoba ufunguliwe. Anselmo alikataa, na kukataa kwake kukamaliza imani kidogo iliyobaki. Ikabidi nimwambie kwamba asipoufungua yeye utafunguliwa na wao. Akaufungua. Zilitoka nyundo mbili, tindo zilizofungwa katika kitambaa, brashi, na kopo la bati. Ndani ya kopo kulikuwa na unga mweupe.

Watu walisogea.

"Chokaa," nilitafsiri. "Anasema ni chokaa ya kupikia mahindi."

"Chokaa," alisema Kipara, "tunapaka ukutani."

"Kwao wanapikia."

"Wanapikia ukuta?"

Kicheko hakikutusaidia, kwa sababu kilipokwisha macho yalirudi kwenye kopo. Mwisho uamuzi ulikuwa wa haki: kama ni ya kupikia, apike. Mama lishe wa machimboni akatoa sufuria na mahindi makavu, kwa sharti kwamba sufuria ikiharibika nitalipa mimi niliyesoma. Anselmo akakoroga chokaa kidogo katika maji, akatia mahindi, akachochea moto. Mahindi makavu hayajui kwamba watu wanangoja. Tulikaa kwenye magogo hadi jua likahama upande, wachimbaji wakipita kutazama kama watu wanaopita kutazama maiti. Hatimaye maganda yakabanduka. Akayaosha mara nyingi, yakatwangwa kwenye kinu cha mama lishe, akafinyanga donge kuwa mkate mwembamba na kuuchoma juu ya kifuniko cha bati. Kipara alionja wa kwanza, kwa sababu ndiye msimamizi.

"Inalika," alisema. "Ila inanukia nyumba mpya."

Baada ya hapo tulikuwa wageni. Kishikwambi kikazunguka kwa mikono yenye vumbi. Kipara, akitafuna, aliuliza mama wa huko wanasaga vipi bila jiwe la juu, maana hapo halionekani hata moja. Anselmo alijibu kwa utulivu kwamba kwao mwanamke akifa, jiwe la juu huzikwa pamoja naye. Wachimbaji waliliona ni jambo la heshima. Mmoja alivua kofia.

Njiani kurudi nilimwambia, "Madibira ulisema lilivunjika."

Alitazama nje. "Watu wakiuliza kwa adabu," alisema, "lazima mtu ajibu kitu."

Kaduma, ambaye Kihispania hakijui, aliniuliza mbona nimenuna, nikamwambia ni vumbi.

Uyole hadi Isyonje

Kutoka Uyole barabara ya Tukuyu hupanda upesi. Baridi iliingia ndani ya gari, kisha ukungu, kisha harufu ya viazi vilivyochimbuliwa. Anselmo alikuwa na bakuli la mahindi ya chokaa, aliyoyachemsha asubuhi ile katika jiko la nyumba ya wageni, zawadi kwa shangazi. Alikuwa amevaa shati safi. Mimi nilikuwa sijaamua. Jibu lilinitaka niwe na hakika, na nilichokuwa nacho ni majibu mawili yasiyopatana na hadithi moja inayopatana mno na yenyewe.

Shangazi Tusekile alitupokea mlangoni amejifunga shuka la sufu. Ni mwanamke mrefu, na uzee haujampunguza. Alimsalimu mgeni kwa Kinyakyusa, mgeni akajibu kwa Kihispania, na wote wawili wakaridhika. Tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Hakugusia jiwe, wala mimi sikuligusia, ingawa kutoka tulipoketi lilionekana vizuri kupitia mlango ulio wazi, likiwa limelowa ukungu, jeusi kabisa. Halikuhitaji kulambwa. Anselmo aliacha chai yake ipoe.

Shangazi alipoona bakuli aliuliza ni nini, nikamweleza habari ya Chunya. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akasema, "Anajua kusaga, au anajua kupika tu? Kama anajua, asage."

Nilitafsiri. Anselmo alisimama papo hapo. Alikwenda uani, akalizunguka jiwe mara moja, akapiga magoti upande ulio sahihi, ule ambao wanawake wetu hupigia. Aliweka mahindi kiasi cha konzi moja pale bonde linapoanza. Alifanya yote hayo kama mtu aliyefika kwake. Kisha akatazama chini kulia, akatazama kushoto, akainua kichwa.

"Mkono uko wapi?" aliniuliza. Mkono ndilo jina la jiwe la juu kwao.

"Ndani," nilisema. "Huombwa kwa mwenye nyumba."

"Kama kwetu," alisema.

Alilisema upesi, kama mtu anavyosema jambo asilohitaji kulifikiria. Kisha nikaona amelisikia. Mikono yake ilibaki juu ya jiwe, na hakuinua tena macho.

Nilisimama pale katika ukungu, na kila kitu nilichokuwa nimekibeba kutoka Iringa kikakaa mahali pake. Kama kwao pia jiwe la juu hukaa ndani na huombwa, basi halikuvunjika, wala halikuzikwa. Aliyeomba angekuwa nalo. Mwenye jiwe la chini peke yake ni mtu ambaye hakupiga hodi. Nilikuwa nimezijua picha zile kwa miezi, nikaziandikia kurasa, na nilikuwa nimeona ndani yake uzuri, upweke na uzito.

"Amesema nini?" aliuliza shangazi.

Ningeweza kusema hajasema kitu. Nilimweleza: alichosema sasa, alichosema Madibira, alichosema Chunya. Nilimweleza kwa Kinyakyusa, polepole, na Anselmo aliyafuata majina ya mahali akayaelewa yote.

Shangazi aliingia jikoni, akatoka na mwana amemviringisha katika kitenge, akasimama mbele ya mgeni bila kumpa. Alingoja. Ilichukua muda kabla Anselmo hajaelewa kinachongojwa. Alipoelewa, alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akaomba kwa Kihispania. Sikutafsiri, na shangazi hakuhitaji nitafsiri. Akampa.

Alisaga vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa nimesema mengine. Mabega yake yalikwenda na kurudi bila papara, donge likawa laini, na ile sauti ya jiwe juu ya jiwe, ambayo sikuwa nimeisikia uani pale tangu bibi afe, ilimfanya Kaduma atoke garini na kuja kusimama karibu na ukuta. Tulichoma mikate, tukaila na maharage. Shangazi alikula miwili, akasema nyumba mpya haikumsumbua. Kisha akanyoosha mkono, na Anselmo akamrudishia mwana, akiwa amemfuta kwa shati lake safi.

"Sasa niambie," shangazi aliniambia. "Nimpe?"

"Siwezi kukwambia umpe, shangazi."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimekuuliza kama ni mtu wa kupewa."

"Leo siye," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa na jibu na alitaka tu kuona kama ninalo pia. Akamgeukia Anselmo.

"Mwambie hivi. Aende kwao na jiwe lile la kwanza, apige hodi. Akipewa mwana wake, aje naye hapa nimwone kwa macho yangu, na la mama yangu atalichukua, hata akitaka kulikata. Asipopewa, asije na maneno."

Anselmo aliniomba nirudie mara mbili. Kisha akasema, "Nyumba ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamehamia mjini. Jiwe lilikuwa nje."

"Kwa hiyo halikuwa la bibi yako."

"La jirani. Bibi alikwenda kuomba kusaga pale kila asubuhi. Baba alichonga mawe mazuri, na mazuri yote aliyauza."

Ilikuwa hadithi nzuri, na fupi kuliko ile ya Igawa, na sikuwa nimeisoma mahali popote. Hata hivyo sikuiamini yote, na sijui ni sehemu gani niliiacha. Shangazi alimfungia viazi katika mfuko. Mgeni alisema "ndaga", yaani asante, neno pekee la kwetu alilokuwa ameshika, akainama kidogo. Tuliondoka ukungu ukiwa umefunika jiwe.

Yaliyofuata

Kutoka Isyonje hadi Iringa hatukusimamishwa na lori wala ng'ombe. Anselmo alimpa Kaduma mkoba auweke nyuma, na Kaduma akaupokea.

Sura yangu niliipeleka kwa watayarishaji ikiwa na habari ya jiwe la jirani ndani yake. Waliomba niiondoe. Niliondoa sura yote, na kitabu kikatoka na ya mtu mwingine.

Maonyesho yalifunguliwa bila jiwe letu. Miezi kadhaa baadaye Anselmo alinitumia ujumbe kwamba amelirudisha jiwe la kwanza kijijini. Binti wa mwenye jiwe alikuwa amerejea kuishi katika nyumba ile. Alizungumza naye kupitia mlango na hakuufungua. Jiwe aliliacha uani, limeegemezwa ukutani, kwa kuwa tangu alikate halilali chini. La juu, aliandika, liko ndani.

Nilimsomea shangazi ujumbe huo kwa simu. Alisema amesikia, akauliza hali ya wanangu. Jiwe la bibi lipo palepale, anasagia ulezi.